MAONI: Watoto wa Masisi nao wapande mlima bila mzigo

Ndani ya Ziwa Kivu, magharibi ya mji wa Goma, kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Tchegera. Anayesafiri kwa boti kwenda Minova hukiona kikiwa kimejikunja kama mwezi mchanga, cheusi chini, kijani juu. Ni ukingo wa mdomo wa volkano ya zamani uliobaki nje ya maji. Kiko ndani ya Mbuga ya Virunga, na mbuga iliweka pale mahema ya watalii.

Nilifika huko mara moja tu, mwaka 2023. Nilikwenda kikazi kuandika habari ya utalii, na nikaruhusiwa kumchukua mtoto wa dada yangu, wakati huo akiwa na miaka 12. Alikuwa ametoka Kitchanga mwezi Januari mwaka huo, siku ambazo M23 waliingia mji ule, na tangu hapo alikuwa akilala sebuleni kwangu Goma pamoja na ndugu zake wawili.

Kupanda hadi sehemu ya juu kabisa ya Tchegera si kazi ya kujisifia. Ni ukingo mfupi, na mtoto anaufika akiimba. Lakini jua linachoma na ardhi ni jivu na changarawe za volkano, unapiga hatua mguu unazama kidogo. Hakuna kijito wala chemchemi. Mvua ikinyesha, maji yanapotea chini kama yaliyomwagwa kwenye kapu. Umezungukwa na ziwa pande zote na hapo uliposimama ni pakavu.

Tulipofika juu tukakaa. Kaskazini kulikuwa na Nyiragongo na moshi wake, Nyamulagira kushoto kwake. Magharibi, ng'ambo ya maji, vilima vya Masisi vilianzia juu ya Sake na kuendelea kimoja nyuma ya kingine. Nilitegemea kijana ataniuliza habari za moto wa volkano. Akanyoosha kidole upande wa Masisi.

“Mjomba, Kilolirwe iko nyuma ya kile?”

Nikamwambia nadhani ndiyo.

“Pale tulilala siku mbili njiani. Mama alikuwa anasema tusiende juu, juu ndiko wanakopigia risasi.”

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda mahali popote bila mtu kumkimbiza na bila kitu kichwani. Aliniambia hivyo mwenyewe wakati tunashuka, kwa furaha kabisa, kama mtu anayehesabu mabao.

Naandika maoni haya kwa sababu ya sentensi ile, na pia kwa sababu ya madaftari yangu.

Nimefungua madaftari ya kazi ya mwaka 2024. Februari ile vita vilipofika juu ya Sake, niliandika majina ya vilima karibu kila siku: Muremure, Vunano, Kiuli, Nturo, Ndumba. Kila jina lina neno moja mbele yake au nyuma yake: kimetekwa, kimekombolewa, kimepigwa bomu, kimeachwa. Hakuna mahali nilipoandika Muremure kina urefu gani, kinalimwa nini, nani alikipa jina, au ukikaa juu yake asubuhi unaona nini. Nimesomea uandishi wa habari chuo kikuu, nimefundishwa kumweleza msomaji mahali palivyo. Kwa miaka yote hii nimewaeleza wasomaji Masisi kama ramani ya jeshi.

Sijutii kuandika habari za vita. Watu walikuwa wanakufa, na walihitaji kujua barabara ipi imefungwa. Ila mtoto aliyezaliwa Masisi au Walikale miaka 15 iliyopita hajui kilima kama kitu kingine. Kwake kilima ni mahali silaha kubwa zinapowekwa, au mahali pa kujificha zikilia. Hilo ni pengo, na mimi nimechangia.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimeshapewa mara nyingi. Rafiki yangu mmoja, mwalimu huko Sake, aliniambia hivi: “Yaya, kupanda mlima kwa kujifurahisha ni mambo ya wazungu. Sisi tunapanda kila siku na hatupigi picha.”

Ana haki nusu. Hakuna watu wanaopanda kama sisi. Mama wa Masisi anapanda na mzigo wa maharagwe mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Vijana wanasukuma chukudu iliyojaa makaa na viazi kwenye miinuko ambayo pikipiki inazima. Na kule Walikale, nani amesahau Bisie?

Wasomaji wa Walikale watanisamehe nikisema jambo wanalolijua vizuri kuliko mimi. Tangu madini ya kasiterite yalipogunduliwa katika kilima kile mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa miaka mingi iliyofuata, hakukuwa na barabara. Mawe yalitoka kwa migongo ya watu. Kijana alibeba gunia la hadi kilo 50 kupitia msitu, matope, mizizi na vizuizi ambako wenye bunduki walidai chao, hadi Njingala. Kutoka hapo magari yalipeleka mzigo Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe na kuupeleka Goma. Leo Bisie ni mgodi wa kampuni ya Alphamin, wenye mitambo na barabara. Mwezi Machi 2025 ulisimama M23 walipoisogelea na kuingia Walikale-centre, na kazi ikarudi baada ya wao kuondoka mjini mwezi Aprili. Bei ya bati duniani ilitikisika siku hizo kwa sababu ya kilima hicho kimoja. Lakini uliza kijana wa Walikale Bisie inaonekanaje kutoka juu. Waliobeba walitazama visigino vya aliyetangulia.

Nikisema tunapanda kwa mzigo tu, ndilo ninalomaanisha. Mzigo unakuinamisha, huoni.

Na hata hayo mambo ya wazungu tukiyatazama vizuri, tulikuwemo. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipanda Nyiragongo, na vitabu vinamtaja kuwa Mzungu wa kwanza kufika kwenye mdomo wake. Alikuwa amevuka Afrika kutoka pwani ya Bahari ya Hindi na msafara wa wapagazi. Mwaka 1948 Haroun Tazieff alishuka ndani ya mdomo huo na kuitangazia dunia habari za ziwa la moto. Majina yao yamebaki. Ya wapagazi hayakubaki, lakini bila wao hakuna ambaye angefika na chakula na maji. Maji hasa. Nyiragongo ni kama Tchegera kubwa: mlima wote umejaa mvua na ukungu, lakini miamba yake inameza kila tone. Anayepanda hubeba maji yake kutoka chini. Watu wa Kibati wanaoishi miguuni pake wanajua shida hiyo zaidi ya mtalii, kwa sababu wao hawarudi hotelini kesho yake. Mji wa Goma wenyewe hauna mto. Bidoni za njano tunazoziona kila alfajiri zikienda ziwani ni kazi ya volkano.

Kabla ya mwaka 2021, njia ya Nyiragongo ilianzia Kibati, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuishia kwenye ukingo, mita 3,470. Kwa kawaida ni safari ya saa tano au sita, usiku unalala kwenye vibanda huku mwanga mwekundu ukipanda kutoka chini. Mgeni alilipa dola 300 kwa kibali, mbali na mpagazi, chakula na nguo za baridi. Kwa pesa hizo walinzi walilipwa, wapagazi wa Kibati walipata karo za watoto. Sipingi bei ya mgeni. Lakini hata mwananchi akipunguziwa, ni nani katika Masisi angeweza kuwapeleka watoto wanne? Mwalimu wa shule ya msingi hapati dola 300 kwa mwezi.

Kwa hiyo tulikuwa na mlima maarufu duniani ambao majirani zake waliufahamu kwa njia mbili: kuwabebea waliokuja kuutazama, na kuukimbia.

Kuukimbia, tarehe 22 Mei 2021, jioni. Nyiragongo ilipasuka ubavuni na uji wa moto ukashuka hadi Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi akaamuru mitaa 10 ya Goma ihamishwe, na barabara ya Sake ikajaa. Masisi ilipokea wakimbizi badala ya kuwatoa, kwa mara moja. Watu walilala makanisani, shuleni, kwenye veranda za watu wasiowajua. Nilikuwa Sake siku hizo. Nilichokiona zaidi ya hofu ni kutokujua. Kila mtu aliuliza kila mtu: uji wa moto unaweza kufika hapa? Ziwa litalipuka? Nyamulagira nayo inakuja? Wachache walijua kwamba barabara waliyopitia inakatiza juu ya mawe ya Nyamulagira, yaliyotiririka kati ya 1938 na 1940 mpaka yakaingia ziwani upande huo huo wa Sake. Wachache zaidi walijua kwamba chombo chetu cha kuchunguza volkano pale Goma, OVG, kilikuwa kimeishiwa fedha za mradi wa Benki ya Dunia mwaka uliotangulia.

Ndiyo maana sikubali kwamba kupanda mlima ni starehe tupu. Mtoto aliyesimama juu ya Tchegera akaonyeshwa huu ni mdomo wa volkano, ule ni mwingine, moto ulipita pale mwaka huu na pale mwaka ule, huyo hataambiwa uongo kirahisi siku ya hatari. Ataijua pia mazuku, ile hewa mbaya inayolala mabondeni kati ya Goma na Sake na kuua mbuzi, na mara nyingine watoto wanaoinama kuokota kuni asubuhi wakati hakuna upepo. Neno hilo wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wamelichukua kutoka kwetu, wanaliandika hivyo hivyo katika utafiti wao. Tumewapa neno. Watoto wetu bado wanakufa humo.

Nyiragongo imefungwa kwa wapandaji tangu mlipuko ule, na juu ya volkano ikaongezeka vita. Kabla ya hapo pia mbuga ilishalipa kwa damu. Mei 2018 mlinzi Rachel Masika Baraka aliuawa watalii wawili Waingereza walipotekwa. Aprili 2020 walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo kwa siku moja. Januari 2025 M23 wakaingia Goma. Mwezi uliofuata kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji zikavunjwa, na watu wa Masisi wakaambiwa warudi vijijini, wengine kwenye nyumba ambazo hazikuwa tena na mabati.

Msomaji atauliza: katika hali hiyo, unazungumzia matembezi ya mlimani?

Ndiyo, na nina hofu moja inayonisukuma kuyazungumzia sasa. Siku milima itakapofunguliwa, itafunguliwa kwa haraka na kwa ajili ya picha. Yeyote atakayekuwa anatawala atataka kuonyesha dunia kwamba kuna amani, na hakuna picha inayosema “amani” haraka kuliko mgeni mwenye koti la manjano amesimama kwenye ukingo wa Nyiragongo. Ninaomba wapandaji wa kwanza wasiwe hao. Wawe watoto wa Sake, wa Kitchanga, wa Masisi-centre, wa Pinga na Walikale. Waanze na Tchegera, ambako hata mwenye miguu mifupi anafika. Wapande na mwalimu wao na mtaalamu wa OVG, bure, darasa kwa darasa, na wapagazi wa zamani wa Kibati walipwe kuwa waongozaji wao. Mbuga ina boti na ina watu wanaojua kazi. Kabla ya vita iliweza kumvusha balozi na mfanyakazi wa shirika siku ya Jumamosi. Kuwavusha wanafunzi Jumatano si uchawi.

Kuhusu vilima vya Masisi vyenyewe, huko hakuna kibali cha kulipia, kuna jambo baya zaidi. Chini ya nyasi za Muremure na wenzake zimebaki bomu ambazo hazikulipuka. Mchungaji na mkulima tayari wanazikanyaga. Sitamshawishi mtoto yeyote apande kule kabla watu wa kutegua bomu hawajapita, na nitaendelea kuuliza kila ofisi lini watapita, kilima kwa kilima, kwa majina. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuandika kuhusu Vunano: tarehe kimesafishwa, na nani alithibitisha.

Wenzetu wamelifanya jambo la namna hii wakiwa na sababu ndogo kuliko zetu. Usiku Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda alipeleka bendera na mwenge hadi kilele cha Kilimanjaro. Mlima uliokuwa ukijulikana zaidi katika vitabu vya wapandaji wa Ulaya ukawa wa taifa asubuhi moja. Mpaka leo wako Watanzania wanaoupanda kila Desemba kwa kumbukumbu hiyo, wengine wakihema vibaya na kurudia njiani. Hakuna anayewaambia wanaiga wazungu.

Sisi tulipewa mbuga ya kwanza ya Afrika, mwaka 1925, kwa amri iliyotoka Ubelgiji. Karne imepita na bado tunasema “kwenda Virunga” kama tunasema kwenda ubalozini. Ugomvi wa ardhi kati ya mbuga na wakulima ni mrefu na sitaumaliza hapa. Ninasema tu kwamba mtoto aliyeonyeshwa mlima siku moja na akapewa juisi kileleni ni jirani tofauti na yule anayeujua kwa waya na bunduki ya mlinzi.

Rafiki yangu mwalimu wa Sake alisoma rasimu ya maoni haya. Hakukubali yote. Alisema darasa lake lina wanafunzi wengi wasio na viatu na kwamba mawe ya volkano hayana huruma. Ni kweli, na nilikuwa sijalifikiria. Kisha akaniuliza boti ya Tchegera inabeba watu wangapi.

Mtoto wa dada yangu sasa ana miaka 14 na zaidi, ananizidi urefu. Juzi nilimwambia kwamba Nyiragongo ikifunguliwa tutaipanda pamoja. Akauliza kama kule juu kuna maji. Nikamwambia hakuna, kila mtu anabeba ya kwake. Akafikiri kidogo, akasema bidoni ya lita tano inatosha watu wawili, na kwamba ataibeba yeye wakati wa kwenda, mimi wakati wa kurudi ikiwa tupu.